Binti Anayekataa Chakula

Fikiri jambo hili. Binti amerudi nyumbani kwa likizo. Anasoma shule ya sekondari, ana miaka 17. Alipoondoka alikuwa na mwili wake mzuri. Sasa amekonda, mabega yamechongoka, na gauni linamning'inia. Jua ni kali, lakini yeye amevaa sweta. Chakula kikitengwa anasema ameshiba, au anasema amekula kwa rafiki yake. Akilazimishwa anakaa, anamega tonge, analizungusha mkononi kwa muda mrefu, kisha anampa mdogo wake. Hata hivyo hatulii. Anafagia uwanja, anachota maji, anakwenda dukani na kurudi bila haja.

Halafu mama anagundua jambo la pili. Binti huyu hajaona siku zake kwa miezi mingi.

Je, ndugu msomaji, wewe ungefikiri nini? Wengi wangefikiri ni mimba. Shangazi ataitwa aulize jina la kijana. Baba atafoka, na pengine atashika fimbo. Wengine watasema ni kifua kikuu, au UKIMWI, kwa sababu ya kule kukonda. Wengine watasema amerogwa. Binti mwenyewe atasema haumwi kitu.

Mimba, kifua kikuu na UKIMWI lazima vipimwe, maana huenda ikawa kweli. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao watu wachache huufikiria. Mtu mwenye ugonjwa huo hushikwa na hofu kubwa ya kunenepa. Hupunguza chakula kidogo kidogo, mwisho hukikataa kabisa. Akijitazama katika kioo huona mwili mnene, hali watu wote wanaona mifupa. Madaktari huuita anoreksia. Huwashika hasa wasichana wanaokua, lakini wavulana na watu wazima nao huupata.

Huu si ukaidi. Pia si funga. Mtu anayefunga Ramadhani hula magharibi inapoingia, na hufurahi kula. Mtu wa Kwaresima hujua siku ya Pasaka. Mgonjwa huyu hana magharibi wala Pasaka. Wakati mwingine hujificha nyuma ya dini, akasema amefunga ili asiulizwe. Hapo mzazi awe macho.

Tutatazama sasa mambo yanayotokea ndani ya mwili wa mtu huyu. Tukiyajua, tutaelewa kwa nini anasikia baridi, kwa nini hatulii, na kwa nini hedhi imekatika bila mimba.

MSICHANA WA LONDON

Ugonjwa huu si wa jana. Mwezi wa Januari, mwaka 1866, msichana wa miaka 17 alipelekwa kwa daktari William Gull katika mji wa London, Uingereza. Alikuwa amepungua kilo 15. Hedhi yake ilikuwa imekatika karibu mwaka mzima. Siku hizo kifua kikuu kiliua watu wengi London, na mtu akikonda jambo la kwanza lilikuwa kumpima kifua. Gull alikisikiliza kifua chake. Hakikuwa na kasoro. Hakuwa na kikohozi, hakutapika, hakuharisha. Lakini moyo wake ulipiga mara 56 tu kwa dakika. Mtu wa umri wake, akiwa ameketi, moyo wake kwa kawaida hupiga mara 70 au 80.

Jambo moja lilimshangaza sana daktari. Msichana huyu, mwembamba vile, hakulalamika maumivu yoyote, na hakutaka kukaa kitako. Alikuwa akihangaika huku na huko.

Gull alimpa dawa za namna namna. Hazikufaa. Aliona kwamba hali yake ilikuwa njaa tupu. Baadaye aliandika kuwa wagonjwa wa namna hii walishwe kwa saa zilizopangwa, wapewe joto, na wasiachiwe kufuata matakwa yao. Msichana yule alianza kula. Baada ya miaka miwili alikuwa ameongeza zaidi ya kilo 20, na picha yake ya pili inaonyesha mashavu ya mtu mzima wa afya. Mwaka 1874 Gull aliutangaza ugonjwa huu kwa jina la anoreksia nevosa.

Lakini kwa nini hedhi ilikatika? Kwa nini moyo ulipiga polepole? Gull hakuwa na njia ya kujua. Jibu limo katika homoni, na hata neno hilo lilikuwa halijatungwa. Lilitungwa London mwaka 1905.

MATARISHI WA MWILI

Homoni ni nini? Unajua kazi ya tarishi wa ofisi. Yeye hachapi barua wala hatoi amri. Huchukua barua chumba hiki, akaipeleka chumba kile, na huko kazi ikafanyika. Homoni ni matarishi wa mwili. Hutengenezwa katika tezi na katika sehemu nyingine za mwili. Huingia katika damu, na damu huzipeleka mpaka mahali pa kazi. Ni kidogo sana, lakini bila hizo mtu hakui, hapati joto, hazai.

Mkubwa wa matarishi hawa yumo kichwani. Ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na karibu yake ining'inia tezi yenye ukubwa wa njegere. Hapo ndipo zinapotoka amri nyingi.

Sasa mtu akiacha kula, mwili hufanya nini? Kwanza hutumia sukari iliyowekwa akiba katika ini. Akiba hiyo ni ndogo kama fedha za kibubu. Huisha kwa muda wa siku moja hivi. Kisha mwili hufungua ghala la mafuta, yale yaliyo chini ya ngozi na penginepo. Hapo ndipo mtu huanza kukonda. Pamoja na mafuta huanza kula nyama yake mwenyewe, yaani misuli ya mikono, ya mapaja, na hata ya moyo. Umepata kumwona mtu aliyekosa kuni akavunja boriti za nyumba yake apikie? Mwili nao hufanya hivyo. Uji unachemka, lakini paa linashuka.

Ubongo haukai kimya. Nao una mpelelezi wake ghalani. Mwaka 1994 wataalamu wa New York, Marekani, waligundua kuwa mafuta ya mwili yenyewe hutoa homoni. Wakaiita leptini. Mafuta yakiwa ya kutosha, leptini ni nyingi katika damu, na ubongo hujua kuwa ghala lina akiba. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo hupata habari mbaya: ghala linakwisha.

Ubongo ukipata habari hiyo hufunga milango. Huanza na kazi zinazoweza kungoja.

KWA NINI HEDHI HUKATIKA

Kazi ya kwanza inayoweza kungoja ni uzazi. Mimba ni gharama kubwa kwa mwili wa mama. Miezi tisa ya kumlisha mtoto tumboni, kisha kumnyonyesha. Mwili ni kama mama mwenye busara wakati wa njaa. Hapangi arusi wakati ghala ni tupu.

Katika siku za afya, ubongo hupiga kama ngoma. Kila baada ya muda hutuma homoni kwenye ile tezi ya ukubwa wa njegere. Tezi nayo hutuma homoni zake kwenye ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo tumboni mwa mwanamke. Ovari hukomaza yai, na hutoa homoni ya kike, estrojeni. Estrojeni hutayarisha mji wa mimba. Mimba isipoingia, hedhi hutoka.

Ghala likiwa tupu ile ngoma hunyamaza. Ovari hazipati amri. Yai halikomai, estrojeni hupungua, na hedhi hukatika. Ovari zenyewe hazikuharibika. Zimekaa zinangoja.

Wazee wanaokumbuka ukame wa mwaka 1974 katika nchi yetu watakuambia njaa inavyoukausha mwili. Katika nchi ya Uholanzi jambo hili liliandikwa vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika baridi ya mwaka 1944 na 1945, miji ya magharibi ya nchi hiyo ilikosa chakula kwa miezi mingi. Wanawake wengi hawakuona hedhi, na miezi tisa baadaye watoto waliozaliwa walikuwa wachache sana. Chakula kiliporudi, hedhi na mimba vilirudi pia.

Kwa wavulana ni vilevile. Homoni ya kiume hupungua. Kijana hukosa hamu ya mke, sauti na ndevu huchelewa kama alikuwa bado anabalehe. Yeye hana hedhi ya kumwonya, kwa hiyo ugonjwa wake huchelewa kujulikana.

Hapa kuna onyo. Hedhi ikikatika, mtu asidhani hawezi kupata mimba. Ovari zinaweza kuamka na kutoa yai kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Ndiyo maana kipimo cha mimba ni lazima, na ndiyo maana fimbo ya baba ingoje majibu ya kipimo. Nami nasema hata baada ya majibu, fimbo haijapata kumponya mtu.

MOTO UNAPUNGUZWA

Mlango wa pili unaofungwa ni wa joto. Unaijua tezi ya shingoni. Ndiyo inayovimba ikawa rovu, mtu akikosa chumvi yenye madini joto. Kazi ya tezi hiyo ni kama ya mtu anayechochea kuni jikoni. Homoni zake zikiwa nyingi, mwili huunguza chakula upesi. Zikiwa chache, moto hufifia. Mtu anayejinyima chakula, homoni hizi hupungua damuni. Mwili unapunguza kuni.

Matokeo yake unayaona kwa macho. Mikono na miguu inakuwa ya baridi, vidole vina rangi ya bluu au vimepauka. Ngozi inakauka. Nywele za kichwani zinakatika na kubaki kwenye kitana. Lakini mgongoni, mikononi na hata usoni huota malaika, yale manyoya laini kama ya mtoto mchanga. Moyo hupiga polepole, na presha ya damu hushuka. Akisimama ghafla huona kizunguzungu, pengine huzirai. Tumbo nalo huwa zito, halipeleki chakula upesi, na choo hufunga. Kwa hiyo binti anaposema "Nimeshiba" baada ya matonge matatu, si kila mara anadanganya. Chakula cha jana bado kinamkalia.

Je, hasikii njaa? Anasikia. Tumbo tupu hutoa homoni ya njaa, inayoitwa grelini, na katika wagonjwa hawa huwa nyingi kuliko kawaida. Njaa inapiga kelele, lakini hofu ya kunenepa inapiga kelele zaidi. Katika vita hiyo mtu hapati usingizi. Homoni ya mashaka, kotisoli, hupanda. Hii ndiyo inayomfanya mtu awe macho penye hatari, na ikikaa juu kwa muda mrefu hula misuli na mifupa.

MIFUPA

Kuhusu mifupa nitasema zaidi, maana madhara mengine hurudi nyuma, lakini haya hayarudi yote.

Watu wengi hufikiri mfupa ni kama jiwe, ukishajengwa umejengwa. Sivyo. Mfupa ni kitu chenye uhai. Kila siku kuna mafundi wanaobomoa sehemu iliyochakaa, na mafundi wengine wanaojenga mpya. Estrojeni ndiyo msimamizi anayewazuia wabomoaji wasizidi. Ikipungua, wabomoaji hufanya kazi peke yao. Kotisoli nayo huwasimamisha wajenzi.

Sasa angalia umri. Sehemu kubwa ya mifupa tunayoitumia maisha yote hujengwa kabla ya miaka 20. Hiyo ndiyo akiba ya uzeeni. Bibi mwenye miaka 60 anatumia mifupa aliyojiwekea alipokuwa msichana. Binti anayejinyima chakula akiwa na miaka 15 au 17 anaacha kujenga wakati ule ule wa kujenga. Kama alikuwa bado anarefuka, anaweza kubaki mfupi kuliko alivyostahili. Homoni ya kukuza mwili huwa nyingi katika damu yake, lakini ini halina chakula cha kuitumia, kwa hiyo amri inafika na kazi haifanyiki. Mtu kama huyo anaweza kuwa na mifupa ya kikongwe akiwa na miaka 25. Akijikwaa, mfupa unavunjika.

Wako wazazi wanaotafuta vidonge vya kurudisha hedhi. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta damu kila mwezi. Mama ataona damu, atafurahi, atadhani mtoto amepona. Lakini damu hiyo imeletwa na kidonge. Ovari bado zimelala, na vidonge hivyo havikurudisha mifupa. Dawa inayoziamsha ovari ni chakula.

VIJANA 36 WA MINNESOTA

Pengine utauliza: Je, ni ugonjwa wa akili ndio unaoleta mambo haya yote, au ni njaa yenyewe?

Swali hilo lilipata jibu la ajabu kule Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1944 mtaalamu Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokondeshwa na vita. Vijana wanaume 36 walijitolea. Hao walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa ajili ya dhamiri zao, lakini walitaka kusaidia watu. Walichaguliwa wenye afya na akili timamu. Hakuna hata mmoja aliyeogopa kunenepa.

Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida. Viazi, mkate, makaroni na vitu kama hivyo. Walitembea zaidi ya kilomita 30 kila wiki. Uzito wao ulipungua kwa robo. Aliyekuwa na kilo 72 alifikia kilo 54 hivi.

Mapigo ya moyo yalishuka kutoka 55 hadi 35 kwa dakika. Moto wa mwili ulipungua sana. Kama hapo kwanza mwili ulitumia shilingi 100 kwa siku kwa kazi zake za ndani, sasa ulitumia shilingi 60. Miguu ilivimba maji. Nywele zilikatika. Mwezi wa Julai, ambao kwao ni wa joto, waliomba mablanketi. Hawakutaka tena habari za wasichana.

Na tabia zao? Vijana hawa walianza kusoma vitabu vya mapishi. Waliota chakula usiku. Waligawa chakula chao vipande vidogo, wakakichezea, wakakaa mezani muda mrefu, kisha wakalamba sahani. Waligombana kwa mambo madogo. Walipenda kukaa peke yao.

Sasa mkumbuke yule binti na tonge lake linalozunguka mkononi. Tabia nyingi tunazoziona kuwa ukaidi au wazimu huletwa na njaa. Hofu huanzisha ugonjwa, lakini njaa huukaza. Kadiri mtu anavyokonda, ndivyo mawazo yake yanavyozidi kufungwa kwenye chakula na mwili, na ndivyo anavyozidi kushindwa kutoka. Kumhubiria kabla ya kumlisha ni kazi bure.

Walipoanza kulishwa tena, vijana wale hawakupona kwa siku moja. Wengine walikula bila kushiba. Mafuta yalirudi mapema kuliko misuli, na ilichukua miezi mingi kabla hawajajisikia kuwa wao. Mgonjwa wa anoreksia anayeanza kula naye huona tumbo limejaa kwanza, huku mikono ni myembamba. Huingiwa na hofu upya. Mwambie mapema kuwa ni hali ya kupita.

WANAOKULA NA KUTAPIKA

Wako wengine ambao huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Uzito wao ni wa kawaida. Hula chakula kingi kwa mara moja, kwa siri, kisha huona aibu na kujitapisha, au humeza dawa za kuharisha. Huu unaitwa bulimia. Hatari yake kubwa ni chumvi za mwili. Kila mtu anapotapika hupoteza madini, na mojawapo ni potasiamu. Moyo hutumia potasiamu ili upige kwa mpango. Ikipungua sana, moyo hupiga ovyo, na unaweza kusimama ghafla, hata kwa kijana. Meno nayo huliwa na asidi ya tumbo, na mashavu huvimba karibu na masikio kana kwamba mtu ana matubwitubwi.

Wengine hula kupita kiasi bila kutapika, wakishindwa kujizuia. Hao hunenepa, na mwili wao huacha kuitii insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho na kupunguza sukari katika damu. Hiyo ndiyo njia ya kisukari. Nao wanahitaji msaada, si kuchekwa.

KUMLISHA MGONJWA

Mzazi akishaelewa, hamu yake ya kwanza ni kumpikia binti sufuria zima. Ngoja kwanza. Hapa pana hatari ambayo ni lazima uijue.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wafungwa wengi waliokondeana walitolewa makambini huko Ulaya. Askari waliwaonea huruma, wakawapa vyakula vizito. Baadhi yao walikufa, baada ya kuokoka njaa yenyewe. Sababu yake sasa inajulikana. Chakula kingi kikiingia ghafla, insulini hupanda. Insulini huvuta sukari iingie katika nyama za mwili, na pamoja na sukari huvuta fosforasi, potasiamu na madini mengine. Damu hubaki bila madini hayo. Moyo na pumzi hukosa nguvu. Hatari hii ni kubwa katika siku za kwanza, hata juma zima.

Kama umepata kuuguza mtoto mwenye utapiamlo hospitalini, umeyaona haya. Muuguzi hakukuruhusu umpe mtoto ugali siku ya kwanza. Alimpa maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana, akaongeza baada ya siku chache. Sheria ni ile ile kwa binti mkubwa aliyekonda sana. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula, au aliyebaki mifupa, alishwe chini ya macho ya daktari.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya. Mweleze mganga mambo matatu: amepungua kiasi gani na kwa muda gani, hedhi ilikatika lini, na kama anatapika. Usione haya. Atampima uzito, mapigo ya moyo na presha, mimba, kifua kikuu na virusi. Akiona hali ni mbaya ataandika barua ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kama binti anazirai, ana maumivu ya kifua, moyo unapiga polepole sana au ovyo, amevimba miguu, au anasema afadhali afe, usingoje kesho.

Hali isipokuwa ya hatari, kazi kubwa iko nyumbani. Hapo Gull alikosea. Yeye aliona kuwa ndugu wa mgonjwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Lakini katika miaka ya 1980 waganga wa hospitali ya Maudsley, London, walijaribu njia nyingine. Waliwapa wazazi wenyewe kazi ya kumlisha mtoto, huku waganga wakiwaongoza. Vijana wadogo ambao ugonjwa haukuwa umekaa miaka mingi walipata nafuu nzuri kwa njia hiyo.

Namna yake ni hii. Mama au baba, au bibi kama ndiye anayemlea, hukaa naye kila anapokula. Milo mitatu, na vitu vidogo katikati: uji wenye karanga, maziwa, ndizi, yai. Sahani hupakuliwa na mzazi. Hakuna matusi, hakuna kubembeleza kwa zawadi, hakuna kusema habari za unene, hata kwa sifa. Ukimwambia "Sasa umenawiri" yeye husikia "Umenenepa". Sema tu:

"Mwanangu, hiki ndicho dawa yako. Nitakaa nawe mpaka umalize."

Atalia. Atakasirika. Pengine atasema unamchukia. Kaa papo hapo. Baada ya kula mpe kazi ya kukaa, kama kuchambua mchele au kusuka ukili, ili asiende kutapika wala kukimbia huku na huko. Shamba na ndoo za maji zingoje mpaka moyo upate nguvu.

Uzito ukirudi polepole, matarishi huamka mmoja mmoja. Mikono hupata joto. Mapigo ya moyo hupanda. Usingizi huja. Hedhi kwa kawaida huwa ya mwisho, na inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya uzito kurudi. Siku itakapoonekana, mama asidhani kazi imekwisha aache kukaa naye mezani. Mawazo ya hofu hukaa muda mrefu kuliko kukonda, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari ya kurudia. Akirudi shuleni, mwalimu mmoja anayeaminika aambiwe, naye amtazame wakati wa chakula.